Kabla hujanunua tiketi ya fasti klasi, uliza miguu yako italala wapi

Niseme mapema: mimi ni mrefu. Utotoni Magomeni waliniita Mlingoti, na kiatu changu ni namba 43. Ukiulizia kiatu cha kike cha namba hiyo Kariakoo, muuzaji anakutazama usoni, anakutazama miguuni, halafu anamwita mwenzake aje kuona. Kwa hiyo huu ni mwongozo wa mtu mwenye upendeleo. Kama una mguu wa namba 37 na unalala popote, hata umesimama kwenye daladala la Gongo la Mboto, nusu ya haya hayakuhusu.

Nilikuwa nimejiwekea nadhiri: nikifikisha miaka arobaini, napanda fasti klasi ya ndege walau mara moja. Shampeni sinywi. Nilitaka kulala nimenyooka, basi. Nikaenda kwa wakala wa tiketi mjini, kijana mwenye maneno matamu. "Dada yangu, hii ni fasti klasi kabisa. Kitanda mpaka asubuhi." Nikalipa. Hela ile ingetosha kununua bajaji.

Kitanda kilikuwepo, sikatai. Nikabonyeza kitufe, kiti kikalala, mhudumu akatandika kigodoro, nikajinyoosha. Vidole vya miguu vikagonga ukuta. Nikawasha tochi ya simu na kuchungulia: mwisho wa kitanda palikuwa na kijitundu, mfano wa kabati la viatu lisilo na mlango, na humo ndimo miguu yangu miwili ilitakiwa kukaa usiku kucha. Mimi nashona, futi ya kupimia nguo haikosi kwenye pochi. Nikapima. Mdomoni upana sentimita 27, ndani zaidi 21, kimo 24. Nyayo zangu mbili zikikaa pamoja zina 22, na urefu wa wayo ni 27 na ushee. Maana yake, kulala chali vidole vikitazama juu haiwezekani. Ukitaka kugeukia ubavu wa pili unavuta kwanza miguu itoke, unageuka, halafu unairudisha mmoja mmoja. Kuku kwenye tenga ana nafuu, yeye ana wenzake wa kulalamika nao.

Nilirudi nyumbani miguu imevimba. Mama akanikanda kwa maji ya moto na chumvi huku akiuliza, "Ndiyo hiyo ndege ya matajiri?"

Kilichoniuma zaidi nilikigundua wiki iliyofuata: shirika lile la ndege halina daraja la kwanza. Nilichouziwa kilikuwa biznesi, daraja lililo chini ya la kwanza, na kwenye tiketi yangu, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, ilikuwepo herufi D.

Herufi kwenye tiketi

Hili ndilo naomba ulishike hata kama mengine utayaruka. Kila tiketi ina herufi moja ya daraja. Kwa mashirika mengi F ni daraja la kwanza, na A mara nyingi ni daraja hilohilo kwa bei iliyopunguzwa. Ukiona J, C au D, hiyo ni biznesi, hata kama wakala ameapa kwa jina la bibi yake. Wakala wengi hapa mjini wana desturi ya kuita "fasti klasi" kila kiti kilicho mbele ya pazia. Kuna ndege ndogo za safari fupi ambazo "fasti klasi" yake ni kiti kipana kidogo kinachoegama tu. Hakilali.

Tangu niwasimulie wasomaji kisa changu kwenye kundi letu la WhatsApp, nimepata malalamiko ya kutosha. Dada mmoja wa Tabata aliuziwa "fasti klasi" ya kumpeleka mama yake India kwa matibabu. Bibi wa watu alikaa wima safari nzima.

Kwa nini kuna kitundu

Zamani viti vya biznesi vilipangwa wawili wawili, na wa dirishani akitaka kwenda msalani usiku anamruka jirani. Abiria wakalalamika. Mashirika yakahamia mpangilio wa 1-2-1, yaani kiti kimoja dirishani, viwili katikati, kimoja dirisha la pili, ambao kila mtu anatokea njiani moja kwa moja. Lakini ndege haijaongezeka upana. Ili viti vitoshe, vikapachikwa kwa kupishana, na miguu yako ikapelekwa chini ya meza ya mtu wa mbele yako. Kwa hiyo unalipia kitanda cha karibu mita mbili ambacho upande wa kichwa ni kitanda na upande wa miguu ni droo.

Dawa ya nusu ipo. Mstari wa mbele kabisa wa daraja, ule unaotazama ukuta, mara nyingi tundu lake ni pana zaidi kwa sababu hakuna meza ya mtu wa kulibana. Kasoro yake ni kwamba hapo ndipo vinapofungwa vitanda vya watoto wachanga. Nampenda mtoto, ila saa nane usiku nampenda akiwa mbali.

Sasa niwapange hawa wa mashirika ya ndege. Chakula, televisheni na manukato sitavigusa, hayo yamejaa kila mahali. Napanga kwa miguu.

1. Emirates, daraja la kwanza

Sijifichi, hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kwa anayeanzia safari yake Dar, ndilo jina la kwanza la kuulizia, maana ndege zake nyingi za Boeing 777-300ER zina daraja la kwanza la kweli, na kutoka hapa hadi Dubai ni saa tano na nusu hivi. Nilipanda baadaye, safari hii kwa maili za zawadi za shirika nilizokusanya miaka ya kwenda kuchukua vitambaa.

Daraja hilo kwenye ndege zao za zamani lina vyumba vinane tu, mpangilio 1-2-1. Mlango unasogea kwa kitufe, ila haufiki juu. Mtu mrefu akisimama njiani anakuona, nami nikisimama naona kila mtu. Kuna kioo cha kujipodoa kinachofunuka na kibaraza cha vinywaji kinachoibuka ubavuni, ambacho nilikipandisha na kukishusha mara nne kama mtoto. Lakini tuje miguuni. Mwisho wa kitanda kuna kiegemeo cha miguu kipana, kinachotazama televisheni. Hakijachongwa ubavuni mwa jirani. Futi ilikuwa mkononi na sikuona cha kupima. Nililala chali, nikalala kifudifudi, nikalala umbo la nyota ya bahari, nikaamshwa tukiwa tunashuka. Pajama unaondoka nazo, zangu ndizo ninazovaa kushonea alfajiri.

Zipo 777 chache zenye vyumba vipya, vilivyoonyeshwa kwa mara ya kwanza 2017. Hivyo ni sita tu, mpangilio 1-1-1, na mlango unatoka sakafuni hadi darini. Vyumba vya katikati havina dirisha, kwa hiyo wameweka skrini zinazoonyesha nje kupitia kamera, na wa dirishani wanapewa darubini. Usinunue ukitegemea utavipata. Ukivikuta, shukuru.

Ukiunganisha safari Dubai kwa A380, ile Airbus ya ghorofa mbili, daraja la kwanza lina vyumba 14 na mabafu mawili ya kuogea angani, kila abiria na dakika tano za maji. Wanaocheka dakika tano hawajawahi kuishi Kimara kipindi cha mgao wa maji.

Onyo kwa wanaopenda jina: biznesi ya Emirates kwenye 777 nyingi imepangwa 2-3-2. Ndiyo, kuna kiti cha katikati, kwenye biznesi, kwa bei ile. Wameanza kuzikarabati tangu 2024 ziwe 1-2-1, lakini huwezi kujua utaangukia ipi mpaka uifungue ramani ya viti. Ukiona herufi tatu za viti zimebanana katikati, ahirisha.

2. Singapore Airlines, vyumba vya A380

Kwa miguu peke yake hawa wangekuwa wa kwanza. Kitanda na kiti ni vitu viwili tofauti. Kiti ni cha ngozi na kinazunguka, kitanda kinafunguliwa kutoka ukutani, na hakuna cha kuingiza miguu popote. Vyumba ni sita ndege nzima, na viwili vya jirani vinaunganishwa vikawa kimoja cha mume na mke. Nimewashusha kwa sababu moja: hawagusi Dar. Unawakuta ukishafika Singapore. Kwenda London kwa njia hiyo ni sawa na kwenda Kigamboni kupitia Bagamoyo. Ila kama safari yako ni ya Sydney, hapo tunaongea.

3. Qatar Airways, Qsuite

Hii ni biznesi, sitaki mtu aje kunisuta. Lakini ni biznesi yenye mlango, iliyoanza 2017, na baadhi ya viti vya katikati vinaungana vikawa kitanda cha wawili, au chumba cha watu wanne wanaotazamana. Miguu ina mahali pa kuingia, ila sikukabwa. Tatizo lao ni bahati nasibu ya ndege. Qsuite haipo kwenye kila ndege ya Qatar. Boeing 787-8 zao zina viti vya kizamani visivyo na mlango, na 787-9 zina mlango lakini si Qsuite. Kwenye tiketi ndege huandikwa kwa kifupi: 788 ni 787-8, 789 ni 787-9, 77W ni 777-300ER, 388 ni A380. Yaandike kwenye simu. Wakala akikuambia "ni Qatar, zote sawa," mwombe akuoneshe hizo tarakimu.

Wengine nitawapitia kwa haraka. Etihad wana A380 yenye The Residence, sebule na chumba cha kulala na bafu juu ya mawingu, na nyuma yake vyumba tisa vya daraja la kwanza. Ni vitamu kusimulia, ila havitui hapa. Air France walizindua La Première mpya 2025, kila abiria na madirisha matano, kiti mbali na kochi la kulalia. Wateja wa KLM mnaoniuliza: KLM haina daraja la kwanza, mna biznesi na kile kinyumba cha kauri cha bluu mnachokipanga kabatini.

Za bei nafuu

Kwa kifupi. Ethiopian kwenye 787 wamepanga 2-2-2, na Air Tanzania kwenye Dreamliner yetu, ambayo ni 787 pia, ana viti 22 vya biznesi. Turkish wana mpishi mwenye kofia ndefu, na Airbus A330 zao ni 2-2-2 pia. Hawa wote hawana daraja la kwanza na hawajadai kuwa nalo. Ajabu ni kwamba viti vya wawili wawili, kwa sababu havijapachikana, baadhi yake vinaacha miguu huru kuliko biznesi za kisasa zenye milango. Ukiwa na bajeti ndogo na miguu mirefu, chagua cha njiani, vumilia kurukwa.

Bei, na wanaoitaja

Hapa naomba niseme nipumue. Kwa nini mtu akitaka kukuuzia tiketi Dar bei yake inabadilika kati ya simu na dirishani? Asubuhi nilitajiwa bei kwa simu. Mchana, ofisini, kijana akachukua karatasi, akaandika namba tupu bila alama ya fedha yoyote, akaigeuza upande wangu kwa kidole kimoja. Nikauliza, hizi ni nini? Akasema, "Zile zile, dada." Zile zile zilikuwa dola, na alipozigeuza kuwa shilingi alitumia kiwango ambacho benki ya mtaa huohuo haikuwa nacho. Juu yake akaweka "gharama ya mfumo". Mfumo gani? Kompyuta ilikuwa imezimika tangu niingie, alikuwa anatumia simu yake.

Siku hizi nafungua kwanza tovuti ya shirika lenyewe, naandika bei, aina ya ndege na herufi, ndipo naenda kwa wakala na karatasi yangu. Wapo wakala waaminifu. Utawajua kwa kuwa hawakasiriki ukiitoa hiyo karatasi.

Yule wangu wa kwanza alinipigia Jumatatu. Ana "fasti klasi" ya Guangzhou, imebaki moja. Nikamuuliza herufi gani. Akasema anaangalia, atanipigia. Leo Ijumaa.