Sefu ya Silaha kwa Dola 300: Kipi Kilipiwe na Kipi Kiachwe

Mkazi wa Houston au Dallas mwenye dola 300 za kununulia sefu ya silaha hana sababu ya kuona haya mbele ya makabati marefu yanayong'aa madukani, kwa kuwa fedha hizo, zikipangwa vizuri, zinatosha kununua kitu kinachofanya kazi yake. Zikipangwa vibaya, zinatosha kununua bati lililopakwa rangi ya kupendeza. Tathmini hii inahusu familia ya aina tunayoifahamu wengi wetu tuliohamia Texas: nyumba ya kupanga au ya mkopo, watoto wa umri wa shule, wageni wasiokatika siku za Jumamosi, bastola moja, na pengine bunduki moja ya marisau.

Kabla ya bei kuna swali la nani anayezuiwa. Madukani mazungumzo huanza na mwizi, yakaendelea na moto, na mtoto akatajwa mwishoni kana kwamba ni nyongeza. Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduliwa. Mwizi huenda asije kabisa, ilhali mtoto yumo ndani ya nyumba kila siku, ana muda, ana udadisi, na anajua mama yake huficha wapi funguo. Kifungu cha 46.13 cha Kanuni ya Adhabu ya Texas kinamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe ameacha silaha iliyo tayari kufyatuliwa mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 ameifikia, na kosa hilo huwa zito zaidi mtoto huyo akiifyatua na kusababisha kifo au jeraha baya. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni iwapo mkono wa mtoto utashindwa, na cha pili ni iwapo mwizi mwenye mtaimbo atacheleweshwa. Moto nimeuweka nyuma kabisa, na sababu yake nitaieleza.

Tuanze na chuma chenyewe. Unene wake hutajwa kwa geji, na yeyote aliyewahi kununua bati za kuezekea nyumba kwao anajua tayari kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 32. Hesabu ya sefu ni hiyohiyo, ila namba zinashuka zaidi. Geji 18 ni takribani milimita 1.2, geji 14 ni karibu milimita 1.9, geji 12 ni karibu milimita 2.7, na geji 10 ni karibu milimita 3.4. Kati ya geji 18 na geji 10 unene unakaribia mara tatu, lakini katika picha ya tangazo makasha yote mawili ni meusi na yote mawili yanaonekana mazito. Muuzaji asiyetaja geji popote, akaandika tu kwamba ni chuma imara, amekwisha kukujibu. Dukani, kandamiza ubavu wa kasha kwa kidole gumba: bati jembamba hubonyea na kurudi kwa mlio, ilhali ubavu wa geji 12 haujibu kitu. Kisha funga mlango, shika ukingo wake ulio mbali na bawaba, uuvute kwa nguvu. Ukiona mwanya unatosha kupitisha bapa la bisibisi, mtaimbo nao utapita.

Lebo ya UL, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa bidhaa, yenye herufi RSC (yaani sefu ya kiwango cha nyumbani) hukutana nayo kwenye sefu kubwa zaidi, ambazo kwa kawaida huanzia juu ya bajeti hii. Ngazi yake ya kwanza ina maana kwamba mjaribu mmoja mwenye zana za kawaida za mkono hakufanikiwa kuifungua sefu kwa dakika 5 za kazi. Wapo wanaozicheka dakika 5, lakini kabati la bati la bei ya chini halijajaribiwa hata kwa dakika moja. Stika ya Idara ya Sheria ya California inayoonekana kwenye makasha madogo ni jambo jingine: inahusu zaidi kuzuia mikono isiyoruhusiwa, hasa ya watoto, na haipaswi kusomwa kama ahadi dhidi ya mvunjaji.

Sasa kitasa, mahali ambapo fedha nyingi hupotea. Katika fungu la dola 80 hadi 200, makasha ya kufunguliwa kwa alama za vidole ndiyo yanayovutia macho kuliko yote, na ndiyo ninayoyaonea shaka kubwa. Mwezi Oktoba 2023 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji ilitangaza kwamba makasha takribani 61,000 ya kampuni ya Fortress yarejeshwe kutoka kwa wanunuzi, na miongoni mwa taarifa zilizotajwa ni kesi inayohusu kifo cha mvulana wa miaka 12. Kiini cha tatizo ni rahisi kukielewa na kinatisha: kasha likitoka kiwandani hufunguka kwa kidole chochote mpaka mwenyewe asajili alama zake, na mnunuzi aliweza kuamini kwamba amekwisha kusajili, kumbe kasha limebaki katika hali ile ya awali. Likimfungukia yeye kila akijaribu, ataonaje kwamba linamfungukia kila mtu? Februari 2024 makasha ya kampuni nyingine kadhaa yalifuata njia hiyohiyo. Aliye nalo nyumbani aangalie kwanza kama aina yake imo katika orodha ya zilizorejeshwa. Kisha, silaha ikiwa imeondolewa, awaite watu wa nyumbani mmoja mmoja waweke vidole. Likimfungukia hata mmoja asiyesajiliwa, silaha isirudishwe humo.

Udhaifu mwingine wa makasha madogo ya umeme haupo kwenye kidole bali kwenye kipini kidogo kinachovutwa na sumaku ya umeme ili kuachia komeo. Mwaka 2012, katika DEF CON, mkutano wa wadukuzi mjini Las Vegas, mtaalamu wa kufuli Marc Weber Tobias na wenzake walionyesha hadharani jinsi aina kadhaa za makasha yaliyokuwa yakiuzwa madukani zilivyoweza kufunguliwa kwa mbinu za kitoto, ikiwamo kuliinua kasha kidogo na kuliachia lianguke, kipini kikaruka na mlango ukaachia. Jaribio hilo halihitaji utaalamu. Kasha likiwa tupu, liinue kimo cha shubiri moja juu ya zulia huku ukishikilia kitasa, uliachie, urudie mara kadhaa. Likifunguka, bei yake haina maana tena.

Ndiyo sababu, kwa bastola moja, chaguo langu ni kasha dogo lenye kitasa cha vitufe cha aina ya Simplex, kisichotumia betri wala waya. Ni vitufe vitano vya chuma vilivyojipanga kwa mstari, na pembeni yake kirungu cha kuzungusha. Unakizungusha kirungu kushoto kufuta chochote kilichobonyezwa kabla, unabonyeza vitufe vyako, kimoja kimoja au viwili kwa pamoja, kisha unakizungusha kulia. Gizani kidole kinakijua kitufe cha kwanza kwa kupapasa, na hakuna taa wala mlio wa kuamsha nyumba, ila mgoto mdogo wa chuma. Mfano bora ninaoujua ni kasha la bastola la Fort Knox, kampuni ya jimbo la Utah, ambalo mwili wake ni wa geji 10 na kifuniko chake ni kinene zaidi. Kifuniko hicho husaidiwa na mpini wa gesi, na matundu ya bolti yametobolewa tayari kwenye kitako. Ni zito kuliko umbo lake linavyodai, na bei yake hugusa ukingo wa bajeti yetu. Yapo ya kampuni nyingine yenye kitasa cha namna hiyohiyo na mwili wa geji 14, kwa bei nafuu zaidi; dhidi ya mtoto hayana upungufu wowote, dhidi ya mtaimbo yana upungufu fulani.

Kitasa hiki nacho kina kasoro zake. Mipangilio inayowezekana ni 1,081 tu, kwa kuwa kila kitufe hutumika mara moja, na hakuna adhabu ya kukosea kama ilivyo kwenye vitasa vya umeme vinavyojifunga baada ya majaribio kadhaa. Kijana mwenye subira na likizo ndefu anaweza kufika. Vitufe vinavyotumika sana hung'aa kuliko vingine baada ya muda, na hapo mipangilio ya kukisiwa hupungua sana. Dawa yake ni kubadili namba mara kwa mara na kuliweka kasha mahali ambapo mtu hawezi kuketi nalo kwa saa nzima bila kuonekana.

Kubadili namba ni jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza tangu siku ya kwanza. Vitasa vya Simplex hutoka kiwandani vikiwa na mpangilio mmoja unaojulikana dunia nzima: kitufe cha 2 na cha 4 kwa pamoja, kisha cha 3. Katika kesi ya wazazi wa kijana aliyewaua wanafunzi wanne katika shule ya sekondari ya Oxford, Michigan, tarehe 30 Novemba 2021, mahakama ilisikia kwamba sefu iliyokuwa nyumbani kwao ilibaki na namba ya kiwandani, sifuri tatu, na kwamba kufuli la waya lililokuja na bastola lilikutwa lingali ndani ya mfuko wake wa plastiki. Wazazi wote wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2024 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Vifaa vilikuwamo ndani ya nyumba.

Kuhusu kufuli hilo la waya, sheria ya shirikisho inamtaka muuzaji mwenye leseni ampe mnunuzi wa bastola kifaa cha kuifungia, na vituo vingi vya polisi hugawa kufuli hizo bure kupitia mpango wa Project ChildSafe. Waya hupitishwa ndani ya silaha iliyoondolewa risasi ili isiweze kupakiwa. Haumzuii mwizi kuondoka na silaha, lakini kwa familia ambayo mwezi huu haina hata dola 50, ndio mahali pa kuanzia.

Kwa bunduki ndefu, usishawishiwe na sefu ndogo inayojiita ya kuhimili moto kwa dola 300. Kabati la kawaida la bati lenye ufunguo, ambalo mara nyingi hupatikana kwa dola 120 hadi 200, linamtosha mwenye bunduki moja au mbili, mradi ufunguo unakaa mwilini mwa mtu mzima na risasi zinafungiwa kwingine. Ikiandikwa kwamba linabeba bunduki 14, hesabu nusu yake, kwani watengenezaji hupanga bunduki nyembamba zisizo na darubini, zimebanana kama dagaa.

Kasha la kilo 10 lisilofungwa kwa bolti ni mzigo uliofungashwa tayari kwa ajili ya mwizi, kwa hiyo sehemu ya bajeti iende kwenye bolti na keekee ya kuazima. Kabati refu lifungwe kwenye nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta, kamwe si kwenye jipsamu peke yake. Sakafu inahitaji tahadhari ya Texas hasa: nyumba nyingi hapa zimejengwa juu ya bamba la zege lenye nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu ya tani nyingi, na kuikata mojawapo kwa keekee kunaweza kuharibu msingi na kumjeruhi mtoboaji. Mara nyingi onyo huwa limepigwa muhuri kwenye sakafu ya gereji. Usipoliona, uliza kabla ya kutoboa. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na akikataliwa, alifunge kasha kwa waya mnene wa chuma kwenye fremu ya kitanda, huku akijua kwamba ulinzi wake dhidi ya mwizi umepungua.

Moto niliuweka nyuma kwa sababu kinga yake katika bei hizi ni tabaka jembamba la jipsamu, ambalo hutoa mvuke likipata joto, na dakika zinazotangazwa mara nyingi ni za jaribio la mtengenezaji mwenyewe. Wanaohofia pasipoti na vyeti vya uraia wanunue kisanduku kidogo cha nyaraka peke yake. Bastola isiwekwe humo: visanduku hivyo hushika unyevunyevu, na kwa hewa ya Houston kutu haichelewi. Ndani ya kasha la silaha weka vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, uvikaushe au uvibadilishe vikishiba.

Angalia pia risiti. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas imeviondolea vifaa vya usalama wa silaha, sefu zikiwamo, kodi ya mauzo; kwa dola 300 na kiwango cha asilimia 8.25 kinachotozwa Houston, hiyo ni dola 24.75, karibu bei ya bolti zote na vipakiti vya silika. Mashine ya malipo ikikuongezea kodi, mwombe mhudumu airekebishe kabla hujatoka dukani.

Mwenye bastola na bunduki ndefu kwa pamoja hatapata vyote viwili kwa ubora wa juu katika bajeti hii. Ningemshauri achukue kasha la vitufe la geji 14 na kabati la bati, aache geji 10. Anayevutiwa na sefu kubwa iliyotumika, ambayo huuzwa kwa bei ya kutupa na watu wanaohama, aulize kwanza kama namba inajulikana na inaweza kubadilishwa, afungue na kufunga mwenyewe mara kadhaa mlango ukiwa wazi, na apate bei ya wabebaji kabla ya kulipa, kwa sababu kuhamisha sefu ya kilo 250 kunaweza kugharimu kuliko sefu yenyewe.