Karatasi ya Arches gramu 300 kwa kikundi cha wachoraji: inapobeba, inapokwama

Kikundi cha wachoraji wa ridhaa kinachokutana mara kwa mara kuonyeshana kazi kina tatizo ambalo anayechora peke yake nyumbani halioni. Picha 12 za rangi za maji zikitandazwa mezani, moja ina anga laini lisilo na mstari, ya jirani yake ina anga lenye mabaka na kingo ngumu, na mazungumzo yanahamia moja kwa moja kwenye wepesi wa mkono wa fulani. Mara nyingi mkono hauna hatia. Anga la kwanza limepakwa kwenye karatasi ya pamba, la pili kwenye karatasi ya nyuzi za mti, na hakuna aliyegeuza picha kutazama nyuma.

Ndiyo maana uhakiki huu ni wa karatasi, si wa rangi. Kikundi chenye fedha ya kununulia kitu kimoja cha pamoja kinunue karatasi. Rangi za daraja la wanafunzi juu ya pamba hutoa picha nzuri kuliko rangi ghali juu ya karatasi dhaifu, na kila mtu akitumia karatasi ileile, mnachokilinganisha mezani kinakuwa uchoraji kweli.

Arches hutengenezwa katika kiwanda cha kijiji chenye jina hilo huko Vosges, Ufaransa, mahali ambapo karatasi imekuwa ikitengenezwa tangu 1492. Ni pamba asilimia 100, haina asidi, na imelowekwa gundi ya jelatini hadi kiini chake, si juu tu. Karatasi nzima ina sentimita 56 kwa 76. Gramu 300 ni uzito wa mita moja ya mraba, kwa hiyo karatasi nzima ina takriban gramu 128. Nyuso ni tatu: laini iliyopigwa pasi ya moto, ya wastani yenye vishimo vidogo, na ya kuparuza yenye vishimo vikubwa. Tunayoipima hapa ni ya wastani, rangi nyeupe ya asili, ambayo ukiiweka kando ya karatasi ya mashine ya kuchapa huonekana kama maziwa.

Jelatini ndiyo moyo wa bidhaa hii na pia ndiyo chanzo cha malalamiko karibu yote. Kazi yake ni kuzuia maji yasizame mara moja. Rangi inakaa juu kwa muda, inatembea, inachanganyika na jirani yake, kisha inashuka taratibu kwenye nyuzi. Ndiyo maana ukipaka mbichi juu ya mbichi, yaani rangi yenye maji juu ya karatasi iliyolowa, unapata dakika kadhaa za kuongeza, kuinamisha ubao, hata kubadili mawazo. Kwenye karatasi ya nyuzi za mti maji hukauka bila mpangilio: sehemu moja imeshaganda, ya pili bado inang'aa, na brashi ikipita na maji mapya yanasukuma chembe za rangi pembeni hadi zinachora ua lenye kingo za mikunjo. Maua hayo hutokea kwenye pamba pia, lakini huko unayaona yakija.

Sasa malalamiko. Karatasi mpya kutoka kwenye bahasha mara nyingine hukataa mpako wa kwanza. Maji yanajikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba, na anayeanza hudhani ameuziwa kitu kibovu. Ni gundi ya juu tu. Pitisha sifongo laini chenye maji safi mara moja bila kusugua, subiri mng'ao uondoke, kisha paka. Kusugua ni kosa: kunainua nyuzi, na mahali hapo rangi itakaa nyeusi kuliko kwingine.

Harufu nayo ipo. Jelatini hutokana na wanyama, na karatasi ikilowa hunuka kidogo kama ngozi yenye maji. Kwa mtu mmoja si neno. Katika chumba kilichofungwa na vipande 12 vilivyolowa, fungueni madirisha. Jambo zito kuliko harufu ni kwamba wapo wasiotaka kitu cha mnyama kwenye kazi yao, kwa imani au kwa msimamo. Ulizeni kabla ya kununua kwa pamoja. Fabriano Artistico ni pamba tupu vilevile na gundi yake haitoki kwa mnyama. Hunywa maji kwa haraka kidogo, lakini tofauti hiyo mtu huizoea upesi.

Lingine ni kunyanyua rangi. Arches hushika. Ukipaka bluu ya thalo (kwenye tyubu tafuta namba PB15) ikakauka usiku mzima, hata ukisugua kwa brashi ya nywele ngumu utabaki na kivuli cha bluu. Bluu ya bahari (PB29) hunyanyuka kwa kiasi kikubwa zaidi kwa sababu chembe zake ni kubwa na hukaa kwenye vishimo badala ya kutia doa nyuzi. Anayependa kupaka kwanza na kuchimba mwanga baadaye atachukia pamba. Karatasi ya nyuzi za mti humsamehe zaidi, maana rangi imekaa juujuu. Hilo tulikubali bila kinyongo. Karatasi rahisi ina nafasi yake: majaribio ya rangi, michoro midogo ya kupanga picha, kazi ya kalamu ya wino yenye rangi kidogo. Isipewe tu kazi ya anga kubwa kisha mchoraji akalaumiwa.

Kwa kikundi, nunueni karatasi nzimanzima, si vitabu vilivyogundishwa pande zote. Kitabu kinamfaa mtu mmoja anayechora nje, kwa sababu gundi ya pembeni inaibana karatasi isijikunje. Lakini karatasi ya juu lazima ikauke ndipo ya pili itumike, na watu 12 hawawezi kugawana kitabu kimoja. Anayesisitiza kitabu atoe karatasi kwa kadi ya plastiki au kisu butu kupitia pengo dogo linaloachwa bila gundi pembeni. Kisu kikali huchana na karatasi ya chini.

Karatasi nzima hugawanywa hivi: kunja upande wa sentimita 76 katikati, kisha kila nusu katikati tena, na upande wa 56 mara moja. Unapata vipande 8 vya sentimita 19 kwa 28. Watu 12, kipande kimoja kila mmoja kwa mkutano, ni karatasi moja na nusu. Karatasi 3 zinatosha mikutano miwili. Usitumie mkasi. Kunja, pitisha mgongo wa kijiko kwenye mkunjo, geuza ukunje upande wa pili, rudia mara mbili au tatu, weka rula ya chuma kwenye mkunjo uchane taratibu ukivuta kuelekea pembeni. Kingo zitatoka na nyuzi zilizochanika, zikifanana na zile kingo za kiwandani. Upande mmoja wa karatasi huchanika kwa unyoofu kuliko mwingine, kwa hiyo ukikuta inakwenda kombo usilazimishe, ongeza mikunjo.

Vikundi vikubwa viangalie roli. Ile ya gramu 300 ina sentimita 113 kwa mita 9.15. Upana wake unatoa vipande viwili vya sentimita 56, na urefu unatoa 12 vya sentimita 76, jumla karatasi 24, yaani vipande 192 vya ukubwa ule mdogo. Kwa watu 12 ni mikutano 16. Ubaya wake ni ubishi: karatasi iliyokaa kwenye roli inataka kurudi kuwa roli. Ilowesheni kidogo mgongoni kwa sifongo, ilazeni katikati ya karatasi safi kavu, wekeni ubao na vitabu juu hadi kesho yake. Msipokuwa na mtu wa kufanya kazi hiyo kabla ya siku ya kukutana, achaneni na roli.

Kuhusu kujikunja watu husumbuka kupita kiasi. Nyuzi zikilowa huvimba. Katikati ikiwa imelowa na pembeni pakavu, karatasi haina pa kwenda ila kupanda na kushuka, na rangi hukusanyika mabondeni. Kwa kipande cha sentimita 19 kwa 28, lowesha mgongo kwa sifongo, subiri dakika mbili, kibane kwenye ubao kwa klipu nne, basi. Kwa nusu karatasi na zaidi, loweka kwenye maji baridi dakika 5 hadi 8, tandaza juu ya plaiwudi ya milimita 12, bandika pande zote kwa tepu ya karatasi yenye gundi inayoamshwa na maji, acha ikauke ikiwa imelala. Ukiisimamisha, maji hushukia upande mmoja na tepu ya chini huachia. Maji ya moto ni marufuku: yanayeyusha jelatini, yaani yanaondoa kile ulicholipia. Gramu 640 haihitaji haya yote, ila ni ya mtu anayemwaga maji kwa ndoo. Wengine wataibeba bure.

Uharibifu mkubwa hutokea kabati likiwa limefungwa. Unyevu ukikaa, gundi inakufa kwa madoa. Karatasi inaonekana safi kabisa, lakini ukipaka, zinatokea nukta nyeusi pale rangi inapozama kama kwenye karatasi ya shashi. Hakuna dawa. Msitupe, zitumieni kwa rangi nzito za gwashi au pasteli. Kinga ni kulaza karatasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na ukuta wa nje na sakafu. Vidole pia: mafuta ya mkono, hasa baada ya losheni, huacha alama ambayo rangi inaikwepa, na kikundi kinachogawana karatasi kwa kupokezana kina vidole vingi. Mtu mmoja agawe, ashike kwenye kingo.

Kwa mengine karatasi hii ni ngumu. Inavumilia penseli ya HB na kufutwa kwa kifutio cha kufinyanga, inavumilia kukwangua kwa ncha ya wembe ili kupata mng'ao wa maji, inabeba matabaka matano sita ya rangi bila la chini kuamka, mradi kila tabaka likauke kweli. Kipimo cha ukavu ni mgongo wa kidole: ukihisi baridi, bado. Tepu ya pembeni ivutwe taratibu kwa pembe kuelekea nje ya picha, na ikigoma ipashwe kwa mashine ya kukaushia nywele. Utomvu wa mpira wa kuziba sehemu nyeupe ni kinyume chake, joto huugandisha: upake kwenye karatasi kavu, na utoke siku hiyohiyo au kesho yake. Ukikaa wiki unang'oka na ngozi ya karatasi.

Kabla ya kuamua ununuzi wa pamoja, fanyeni jaribio ambalo halichukui hata saa moja ya kazi. Chukueni vipande vya karatasi mbili au tatu, brashi moja ya mviringo namba 8, na zile bluu mbili, PB29 na PB15. Kila mtu apake kwenye kila karatasi: mpako unaofifia kutoka juu kwenda chini, tone la rangi kwenye eneo lililolowa, matabaka matatu, moja juu ya jingine, mburuzo wa brashi karibu kavu, na kipande cha tepu. Nyuma yaandikwe kwa penseli jina la karatasi na uzito wake. Wino hupenya ukiloweshwa. Mkutano unaofuata, nyanyueni sehemu ya rangi kwa brashi yenye maji, vueni tepu, kisha pangeni vipande kwa karatasi badala ya kwa wachoraji. Mtaona mikono 12 tofauti ikifanya makosa yaleyale kwenye karatasi moja na kuyakosa kwenye nyingine. Baadhi ya watu hukaa kimya sana wakati huo.

Desturi ya kuandika mgongoni iendelee baada ya jaribio: karatasi, gramu, uso, namba za rangi, tarehe. Bila hayo, ushauri wa "ungetumia maji kidogo" hauna uzito, kwa sababu maji kidogo kwenye pamba ni maji mengi kwenye karatasi nyingine. Na mkipiga picha za kazi ili wasiofika wazione, wekeni zote kwenye mwanga wa dirisha usio na jua la moja kwa moja, taa za ndani zikiwa zimezimwa, na kipande tupu cha karatasi ileile pembeni. Simu hujaribu kuufanya weupe wa maziwa uwe mweupe kabisa na kuzipa picha ubaridi wa bluu. Kile kipande tupu ndicho mtakachorekebishia rangi.

Hukumu ni hii: gramu 300, uso wa wastani, karatasi nzima zilizochanwa vipande 8, ndiyo chaguo la kikundi. Wa mimea na kalamu nyembamba wachukue uso laini, wakijua kwamba maua ya maji huko hayafichiki. Uso wa kuparuza uachwe kwa picha kubwa. Kwenye kipande cha sentimita 19 vishimo vyake vinameza sura ya mtu, pua na macho vyote.