Fishfinda kwenye kipe: nimeitumia mwaka mzima Kibirizi, Kigoma

Nilitaka fishfinda, mashine inayotafuta samaki majini kwa mlio wa sauti, ya kufunga kwenye kipe, chombo chetu cha kuvulia dagaa usiku kwa taa. Muuzaji aliniwekea mbili mezani. Ya kwanza kioo kikubwa, inachora chini na pembeni mpaka unaona jiwe lilivyokaa. Ya pili inchi 4 tu, sona (hiyo milio ya kupimia) ya aina ya CHIRP, basi. Moyo ulikuwa kwa ile kubwa. Nikampigia simu nahodha wangu, mzee aliyeanza kuvua enzi za karabai, akauliza swali moja: "Hiyo picha inafika pima ngapi?" Pima moja ni karibu mita 1.8.

Hapo ndipo penyewe. Picha zile hutumia sauti ya masafa ya juu, kilohezi 455 na 800, yanayochora safi lakini maji huyameza haraka. Zinafaa kusoma mawe na magogo ya chini. Sisi Tanganyika, ziwa lenye kina cha hadi mita 1,470, chini tunaifuata ya nini? Dagaa anaelea katikati. Nikachukua ndogo, yenye kilohezi 77 na 200.

Kazi yake ni moja: kujua wingu la dagaa limekaa wapi chini ya taa, ili wavu ushuke uwe chini yake. Kwenye vipimo nilichagua pima badala ya mita, na tangu siku hiyo mzee hatoki mbele ya kioo. Usiku tunaliona likipanda taratibu, pima 35, 28, 20. Zamani tulikuwa tunavuta kwa kubahatisha, na kuvuta wavu mtupu kwa mikono si mchezo.

CHIRP nilidhani ni jina la kuuzia tu. Hapana. Badala ya mlio mmoja inapeleka mlio unaopanda masafa, kwa hiyo vitu vilivyokaribiana havigandi pamoja. Kwenye mashine ya jirani yangu, ya masafa mamoja, ni bonge. Kwangu naona dagaa juu, na chini yao vijistari vya mgebuka wanaowavizia.

Alama za samaki, vile vikatuni ambavyo mashine inajiwekea kwenye kioo, nimezizima, zinadanganya. Wala usisubiri zile pinde za kwenye video: kipe kikitulia, samaki aliyesimama anachora mstari mrefu.

Kilichonitesa ni umeme. Niliiunga kwenye betri moja na taa, kioo kikajaa michirizi. Ipe betri yake.

Na zile za kuonyesha samaki anavyotembea papo hapo, kama LiveScope ya Garmin iliyotoka 2018? Niliiona kwa mgeni aliyekuja kuvua sangala kwa fimbo. Tamu kweli, kwa mtu anayemwinda samaki mmoja miambani. Kwa kipe, hela ya bure.

Mbalamwezi ikiwaka, yangu nayo inalala nyumbani pamoja na nyavu. Dagaa hawakusanyiki kwenye taa, utaangalia nini?

Chenji iliyobaki kwa kuiacha ile kubwa ilinunua betri ya pili na taa mbili.