Ryzen 5 5600G baada ya miezi nane: mashine ya kwanza bila GPU inawezekana

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnataka hilo tu. Kama unafunga kompyuta yako ya kwanza ya nyumbani na hela ni ya mawazo, hii prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G, chukua, GPU (kadi ya picha inayonunuliwa peke yake) achana nayo kwa sasa, na hela inayobaki usiipeleke kwenye kesi yenye mataa, ipeleke kwenye pawa saplai ya maana na vijiti viwili vya RAM (memori ya kufanyia kazi).

Mimi nipo Dar, nahariri video za send-off na harusi na kudizaini kadi, usiku mdogo wangu anachukua kiti anacheza gemu. Bajeti ilikuwa milioni moja na laki mbili, monita nilikuwa nayo tayari. Wazo la kwanza lilikuwa kwenda Kariakoo kubeba desktop ya mtumba, zile HP na Dell za maofisini zenye prosesa ya Intel i5 kizazi cha nne, halafu niichomekee GPU. Bei inavutia kweli. Ila Microsoft walishasitisha sapoti ya Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwaiyo unanunua mashine ambayo imeshaachwa njiani, na nyingi pawa saplai yake ni ndogo na plagi zake ni za kwao wenyewe, huwezi kuweka nyingine ya kawaida bila kutafuta adapta. Mtu wa steshenari anayechapa barua na CV itamfaa sana tu. Mimi nilitaka kitu ambacho nitakuwa naongezea taratibu.

Sasa 5600G yenyewe. Ilitoka 2021, ina kori 6 na thredi 12, inapanda mpaka 4.4 GHz, imepangiwa wati 65, inakaa kwenye madabodi (bodi kuu) yenye soketi ya AM4 na kwenye boksi unakuta na feni yake. Kilichonipeleka kwake ni kwamba ndani kuna graphics za Vega, yaani unachomeka HDMI kwenye madabodi na picha inakuja. Herufi G mwishoni ndo inabeba kila kitu hapo. Kuna duka moja jamaa alinitolea 5500 akaniambia kaka hizi ni zilezile na hii bei yake nzuri, na kweli bei ilikuwa nzuri, ila 5500 haina graphics, 5600 bila G haina, 5600X haina. Ningefunga kila kitu vizuri, nawasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi tii, naanza kumtafuta mchawi. Intel nao wana F, i3-12100F haina picha ila 12100 bila F inayo. Soma boksi mwenyewe, halafu fungua usome na maandishi juu ya prosesa yenyewe kabla hujatoa hela.

RAM ndo sehemu niliyojifunza kwa vitendo. Hizi graphics hazina memori yao, zinakula kwenye RAM ya mashine, kwaiyo kasi ya RAM ndo kasi ya gemu. Nilianza na kijiti kimoja cha GB 8 nikisema kingine nitaongeza mwisho wa mwezi, na ile wiki tatu nilikuwa najuta kununua hii prosesa, GTA V inakatakata, dogo ananuna, Premiere ninayohariria video ukiburuta tu taimulaini inaganda. Nilipoongeza cha pili kinachofanana nacho mashine ikawa nyingine kabisa, kwenye gemu ilikuwa inagota fremu thelathini na kitu kwa sekunde ikaenda mpaka hamsini na kitu, setingi zilezile. Sababu ni kwamba vijiti viwili vinafanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja, kimoja kinapita njia moja. Kwaiyo usinunue kijiti kimoja cha GB 16, nunua viwili vya 8, na kama madabodi ina nafasi nne soma kitabu chake ujue viwili vinakaa wapi, mara nyingi ni ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu ingia BIOS (programu ya ndani ya madabodi) uwashe XMP, setingi inayoipa RAM kasi yake kamili, maana RAM ya kasi ya 3200 ukiichomeka tu inaweza ikawa inatembea 2133 au 2400 na wewe hujui, miezi inapita.

Madabodi nilichukua B450 mpya. Angalizo ni moja: bodi ya B450 iliyokaa sana dukani inaweza kuwa na BIOS ya zamani isiyoitambua 5600G. Mwambie fundi wa dukani aisasishe hapohapo na akuwashie uone picha ndo uondoke.

Kwenye pawa saplai nitaongea kidogo zaidi maana hapa ndo watu tunaumia. Ya kwanza nilinunua kwa bei ya chini kabisa, imeandikwa wati 500, nyepesi kama kopo tupu. Ikakaa miezi miwili, siku moja umeme ukakatika, uliporudi ikapiga paa na harufu ikatanda chumba kizima. Nashukuru Mungu iliondoka peke yake, madabodi na prosesa vikabaki salama, ila ile jioni sikula, kazi ya mteja ilikuwa humo ndani. Nikaweka ya wati 550 yenye 80 Plus Bronze kutoka kampuni inayojulikana. 80 Plus ni habari ya kutopoteza umeme tu, haikuambii kila kitu kuhusu ulinzi, ila mtengenezaji aliyejisumbua kuipimisha kweli ana tofauti na yule anayebandika stika tu. Ukikuta ina swichi nyekundu nyuma imeandikwa 115 na 230, hakikisha ipo 230 kabla hujagusa soketi ya ukutani, ikiwa 115 kwa umeme wetu umeiua sekunde ileile. Na uzuri mwingine wa mashine isiyo na GPU ni kwamba inakula umeme kidogo, UPS yangu ndogo ya 650VA inanipa dakika za kutosha kusevu kazi na kuzima kistaarabu.

SSD ya kuhifadhia mafaili ni NVMe ya GB 500, sina la kusema, inafanya kazi. Kesi ni ya bei ya chini ila ina wavu mbele, na kwa joto la huku na vumbi la barabara yetu ningechagua tena hiyohiyo kuliko yenye kioo mbele isiyovuta hewa.

Wakati wa kufunga, pini zipo kwenye prosesa yenyewe, kwaiyo ilaze tu ukifuata pembetatu ya dhahabu, itumbukie yenyewe, usikandamize. Na siku ukitaka kuitoa feni washa mashine ipate joto kidogo, zima, chomoa waya wa umeme, halafu izungushe kulia kushoto taratibu ndo uinue, ukiivuta moja kwa moja ile pesti ya kupitisha joto inaweza kung'oa prosesa pamoja nayo na pini zikapinda.

Upungufu wake. Video za 4K haziendi bila kutengeneza proksi (nakala nyepesi za kuhariria) kwanza, hilo likubali. Kingine ni PCIe, yaani njia zinazounganisha GPU na mashine, hii ni 3.0, kwaiyo siku ukitaka kuongeza GPU usikimbilie RX 6500 XT sababu ni rahisi, ile ina njia 4 tu na imetengenezwa kwa PCIe 4.0, ukiiweka hapa inapoteza nguvu nyingi. RX 6600 ina njia 8, inavumilia. Na 5600G ina kashe ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) MB 16 wakati 5600 ya kawaida ina 32, kwaiyo ukishaweka GPU kubwa kwenye gemu itazidiwa kidogo na ndugu yake. Mwenye hela ya GPU leoleo achukue 5600.

Mimi sasa naisaka RX 6600 ya mtumba, na muuzaji lazima aiwashe mbele yangu icheze gemu nusu saa nzima ndo nitoe hela.