Paxtu na kaburi la BP, Nyeri: wapelekeni maskauti wenu

Nyinyi walimu wenzangu mnaoongoza skauti na kila mwaka watoto mnawazungusha kambi ya skauti ya Rowallan tu pale Nairobi, hebu safari hii jaribuni Nyeri bana. Kuna kanyumba kanaitwa Paxtu, kako ndani ya kiwanja cha hoteli ya Outspan, ndiko Baden-Powell (BP) mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, aliishi na mkewe Olave kuanzia 1938 mpaka akafariki Januari 1941, na mwenye hoteli wakati huo, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa sekretari wake zamani, kwa hivyo haya mambo ya kujuana hayakuanza jana.

Nyumba ni ndogo, msitarajie kasri. Kuta zimejaa skafu na beji za maskauti wa kila pembe ya dunia, watoto wetu wakaanza mashindano ya nani ataona ya nchi iko mbali zaidi, ikabidi niwatoe kwa nguvu.

Lakini mimi kama ningepewa kuchagua pahali pamoja ningechagua kaburini, kwa makaburi ya St. Peter's hapo hapo Nyeri. Jiwe limechongwa duara lenye nukta katikati, ile alama ya njiani ya maskauti ya kusema nimeenda nyumbani. Kuna katoto ka fomu wan, hakakuambiwa na mtu, kakapitisha kidole kwa hilo duara alafu kakawaelezea wenzake vizuri kuniliko. Olave alifariki 1977 na majivu yake yakaletwa hapo. Na Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simba-milia wala watu kule India, yeye pia alikuja kuishi Paxtu na amezikwa makaburi hayo hayo 1955, vijana wangu hadithi yake waliipenda hata kuliko ya BP, sasa nifanyeje.

Kitu kimoja, mwalimu usiende mikono mitupu. Skauti ilifika Kenya 1910, miaka mitatu tu baada ya ile kambi ya kwanza ya skauti, ya Brownsea kule Uingereza, na ilianza na watoto wa wazungu, wetu waliingia baadaye, mpaka 1964 ndio chama cha Kenya kikaingia kwa shirika la dunia kama nchi huru. Hapo ni kazi yako kuwaambia, tena uko Nyeri, kwa kina Dedan Kimathi, usiwaachie watoto wafikirie historia ya hapo ni ya mzee mmoja wa Kiingereza na kofia yake.

Fikeni asubuhi mapema kama mnataka kuona Mlima Kenya, mawingu yakishashuka ndio basi. Sweta lazima. Na karibu na 22 Februari pigeni simu kwanza manake hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa BP na maskauti huwa wamefurika hapo kaburini.