Tuisheni ya Maalim wangu Mji wa Kale: nyota tano, ila feni ni sifuri

Mimi saa hii kazi yangu ni plazma, yaani gesi iliyopata nguvu mpaka elektroni zikabanduka kwa atomu, na yote yalianzia kwa huyu Maalim, chumba kimoja ghorofani, fizikia jioni baada ya Alasiri. Viti vya plastiki, joto la kufa mtu, feni ipo lakini yazunguka kama imelazimishwa. Na kuanza kwa wakati msitarajie, maanake lazima amalize kahawa yake chungu kwanza.

Lakini kusomesha, mashallah! Siku moja aliwasha ile tyubu ya dari, ikapepesa weee mpaka ikashika, akasema "hiyo ndiyo plazma, iko juu ya kichwa chako miaka yote." Akatueleza mvuke wa zebaki mle ndani watoa mwanga usioonekana alafu ule unga mweupe kwa kioo ndio waugeuza ukaonekana. Jina la plazma alilileta Langmuir, mwanasayansi wa Marekani, 1928, hilo alituimbisha. Nikamuuliza, elektroni zake zina joto la digrii kama 10,000, mbona tyubu haiyeyuki? Hakujibu, alinipandisha kwa kiti niishike. Vuguvugu tu! Wiki nzima nawaza, kumbe elektroni ni nyepesi mno na gesi mle ni kidogo, joto lao haliambukizi.

Bei ni poa, na akijua kwenu hakuna hakuulizi. Siku hizi achukua wanafunzi wachache, mkienda mpelekeeni kashata, ya nazi sio ya njugu.