Darubini ya joto kwa ulinzi wa usiku: tathmini kutoka shamba la kando ya Ziwa Naivasha

Darubini ninayoitathmini hapa ni ya kushika mkononi na ya jicho moja, ina sensa (kipokezi cha picha) ya pikseli, yaani nukta za picha, 384 kwa 288 na lenzi ya milimita 25, na imekuwa ikitumiwa na askari wetu wa usiku kwenye shamba la maua na mifugo linalopakana na Ziwa Naivasha nchini Kenya. Chapa yake sitaitaja, kwa kuwa vifaa vyenye sensa ya kiwango hiki huuzwa kwa majina mengi na mengi nitakayoyasema yanavihusu vyote. Uamuzi wangu ni huu: ni hodari sana wa kuonyesha kwamba gizani kuna kiumbe, lakini ni dhaifu katika kuonyesha kiumbe huyo ni nani. Muuzaji anayeyachanganya mambo hayo mawili anakuuzia kitu ambacho hakimo ndani ya boksi.

Kifaa hiki hakihitaji mwanga hata kidogo, tofauti na zile darubini za usiku zinazokuza mwanga wa mwezi na nyota. Kinapokea mionzi ya joto inayotoka kwenye kila kitu, yenye urefu wa mawimbi wa takriban maikromita 8 hadi 14 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha sensa inageuza tofauti za joto kuwa picha. Kioo cha kawaida huizuia mionzi hiyo, na ndiyo sababu lenzi ya darubini yenyewe hutengenezwa kwa jemaniamu, elementi inayoipitisha, badala ya kioo. Mwenye duka aliyetuuzia alituhakikishia kwamba askari angeweza kukaa ndani ya kibanda chake cha geti na kuangalia nje kupitia dirishani. Ukijaribu hivyo, utakachokiona ni joto la uso wako mwenyewe likirudi kutoka kwenye kioo. Ndani ya gari ni vivyo hivyo: lazima ushushe kioo cha mlango, na baridi ya Naivasha saa tisa usiku ikuingie hadi mifupani.

Kwenye boksi kumeandikwa kwamba mtu ataonekana akiwa umbali wa mita 1,300, na mnunuzi angefaa kuipigia hesabu namba hiyo kabla ya kutoa pesa. Pikseli moja ya sensa hii ina upana wa maikromita 12. Mtu mwenye kimo cha mita 1.8, akisimama umbali wa mita 1,000, huacha juu ya sensa taswira ya urefu wa maikromita 45, yaani pikseli zisizofika nne, na upana wa mabega yake ni kama pikseli moja tu. Hiyo ni nukta. Inatosha kusema kuna kitu chenye joto, lakini haitoshi kusema ni mtu, mbwa au gogo lililoshinda juani. Kwa kipimo kilichozoeleka tangu mwaka wa 1958, alipokiweka John Johnson wa maabara ya jeshi la Marekani, kutofautisha aina ya kitu huhitaji takriban pikseli nane kwenye upande wake mwembamba, na kwa lenzi hii kiwango hicho mtu hukifikia akiwa karibu mita 130. Sura yake hutaiona hata akiwa mita 20, kwa maana uso wa binadamu kwenye joto ni doa jeupe lenye pua iliyopoa.

Jambo hilo tulilishuhudia kwenye kibanda cha pampu, kiasi cha mita 300 kutoka kwenye mnara wa tangi la maji. Askari aliyekuwa juu alininong'oneza, "Mkubwa, hawa ni watu wameinama hapo kwa pampu." Nilichukua darubini nikaona maumbo matatu meupe, miguu imemezwa na nyasi, yakiinama na kuinuka kama watu wanaofungua nati. Nikamwambia, "Tulia kwanza, usiwashe tochi." Tukangoja, hadi umbo moja likageuka ubavu na shingo ndefu ikajitokeza pamoja na mgongo wote. Walikuwa kuro, aina ya swala wakubwa, wakila nyasi. Tusingengoja tukitazama kwa darubini, tungetuma watu wawili wenye rungu kwenye giza hilo.

Hapo ndipo naiona thamani yake kubwa, ambayo matangazo hayaitaji. Kwenye mashamba ya kando ya ziwa, hatari inayomkabili askari mara nyingi si mwizi bali ni kiboko, ambaye hutoka majini usiku kwenda malishoni na hapendi kumkuta mtu kati yake na maji. Akiwa bado ziwani, darubini haisaidii sana, kwa sababu maji huhifadhi joto la mchana na huonekana meupe kuliko nchi kavu iliyopoa, na kichwa kilicholowa hupotea ndani ya weupe huo. Anapotoka, ngozi yake yenye maji huonekana hafifu kwa muda, halafu hung'aa kadiri inavyokauka. Askari wetu sasa huipitisha darubini polepole kwenye ukingo wa mafunjo kabla ya kuanza doria, na hubadili njia pale wanapomwona. Kwa kazi hii pekee ningeinunua tena.

Dhidi ya wezi imetufaa kwa namna ambayo sikuitarajia. Pikipiki iliyozimwa na kufichwa chini ya migunga haionekani kwa tochi, ila injini yake na bomba la moshi hubaki vyeupe kwenye skrini kwa muda mrefu baada ya kuzimwa. Askari akiona alama hiyo mahali pasipo njia, anajua kuna mtu aliyefika karibuni, na anapiga simu badala ya kwenda peke yake.

Mazingira nayo yana amri yao. Saa za kwanza baada ya jua kutua ni mbaya zaidi, kwani mawe, ukuta na barabara ya murram bado vina joto na picha nzima hujaa madoa. Kuanzia usiku wa manane picha husafika. Mvua kubwa na ukungu mzito huifunga kabisa. Paa la mabati huonekana jeusi, kwa kuwa huakisi baridi ya anga, na wageni wa kifaa hudhani ni shimo.

Kuhusu matumizi ya mkononi nina malalamiko. Kila baada ya muda kifaa hujirekebisha kwa kufunga kifuniko kidogo cha ndani, mbele ya sensa: picha hukwama kidogo na mlio wa "tik" husikika, nao usiku ukiwa kimya husafiri mbali. Mwanga wa skrini humulika jicho la mtumiaji asipoligandamiza kwenye mpira wake, na jicho hilo huwa halioni gizani kwa dakika kadhaa baada ya kukitoa. Betri imejengewa ndani, haibadilishwi, wala haifiki nusu ya zamu ya saa 12 ikiachwa inawaka mfululizo, kwa hiyo benki ya umeme ya mfukoni ni lazima. Maelezo yake yameandikiwa wawindaji wa Ulaya na yamejaa picha za nguruwe mwitu, nasi tuko katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji tangu mwaka wa 1977. Kifaa pia hurekodi video, na kwa kuwa nyumba za wafanyakazi zimo ndani ya ua, tumeuzima uwezo huo hadi tuwe na utaratibu unaoafikiana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019.

Tatizo lililobaki ni wembamba wa uwanja wa kuona. Kwa lenzi ya milimita 25, askari anaona upana wa mita 18 tu akitazama umbali wa mita 100, na hupita kando ya mtu aliyejikunyata bila kujua. Darubini ya pili nitaiagiza yenye sensa hiihii na lenzi ya milimita 15, ambayo kwa umbali huohuo huonyesha mita 31 hivi. Hiyo itakuwa ya askari wa doria, na hii ya sasa itapanda kwenye mnara wa tangi.